Kinyozi na Tarumbeta la Kwanza

Kwenye bendi ile ya mtaa hakuna aliyewadharau wenzake kama kinyozi. Miaka kumi na tisa alikuwa tarumbeta la kwanza, na kwake wengine walikuja kujaza viti tu. Fundi bomba alipuliza kama anayezibua sinki. Mwalimu alipotea kila akihesabu mapigo, na hesabu ndilo somo analofundisha, jamani! Muuza mboga, mama wa watoto wanne, tarumbeta la pili, huyo hata salamu hakumpa.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema akifuta tarumbeta lake kwa taulo la kunyolea.

Mashindano ya mwaka huo yalikuwa na kipande cha tarumbeta moja peke yake. Kinyozi alikitaka kwa kufa na kupona. Tatizo, kila wakifika katikati ya wimbo, sauti moja ilipasuka: kraa! Kama chura aliyekanyagwa.

Kiongozi wao, seremala mpole, alidhani ni baridi.

"Baridi gani, bwana?" kinyozi akadakia. " Kuna mtu anatuaibisha! Turekodi kila mmoja peke yake, tumjue, asipulize tena, hata awe nani."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani!"

Jumamosi wakakaa kwenye karakana ya seremala kusikiliza rekodi za kila mmoja kwenye simu yake. Fundi bomba, safi. Mwalimu, safi. Tarumbeta moja likalia laini, limenyooka, kinyozi akatikisa kichwa akijisifu kimoyomoyo. Likafuata jingine. Kraa!

Kinyozi akacheka mpaka machozi. "Mmemsikia? Huyo arudi jikoni akapulize moto!"

Hakuna aliyecheka naye. Seremala akakohoa.

"Huyo ni wewe, kaka. Lile la kwanza ni la dada hapa."

Muuza mboga akainama kufunga kiatu kilichokwisha kufungwa. Mtu ambaye kinyozi alimdharau kuliko wote sasa anamwonea haya! Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sheria ya mashindano ilitaka watu ishirini, nao walikuwa ishirini kamili, kwa hiyo hawakumfukuza, ila asimame tu, asipulize. Siku yenyewe alisimama bega kwa bega na muuza mboga, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, pumzi haitoki. Muuza mboga akakipiga kile kipande, ukumbi ukainuka kushangilia.

Mkewe, aliyekaa viti vya nyuma kabisa, alimkimbilia mlangoni akamkumbatia.

"Mume wangu, hongera! Leo ndiyo umepiga. Miaka yote hii nilikuwa naona aibu kukwambia."