Siku Tuliyomtoa kwa Wagonjwa

Sikusoma kupita darasa la tatu, lakini majina ya watu wetu wote nilikuwa nayo kichwani: walioko Louisville, Columbus na Buffalo, na waliobaki ardhini kule kwenye kambi ya wakimbizi. Mjukuu wangu, anayesomea kompyuta hapa Whitehall, alikaa nami wiki nzima nikimtajia, yeye akiandika kwenye tovuti ya kanisa.

"Koko, bibi yangu, kuna daftari kubwa la Watu," alinieleza. "Lina jina na simu. Daftari la Wagonjwa ni mtoto wake, linarithi vyote, tunaongeza ugonjwa tu. Msiba ukitokea, ujumbe unaenda kwa Watu wote."

"Donc, kwa hiyo mimi nipumzike?"

"Upumzike, koko. Na simu yako ipumue."

Mdogo wangu wa Buffalo alikuwa kwa Wagonjwa, sababu ya figo. Mungu akamponya. Kwetu aliyepona haachwi kwenye orodha ya maombi hata siku moja, ni kama kuuita ugonjwa urudi. Jumapili ileile tuliyosikia tukaimba, nikamwambia mjukuu amfute kwa wagonjwa. Akamfuta.

Mwezi uliofuata kaka yetu akafariki ghafla Louisville. Zamani ningepiga simu mwenyewe, nikianza na mdogo wangu. Safari hii niliiachia tovuti. Wenzake wa Buffalo walipata ujumbe, wakadhani yeye ameshaondoka kwenda mazishini. Makaburini nilimtafuta kwa macho. Udongo wa kwanza hutupwa na ndugu wa tumbo moja. Nilitupa peke yangu.

Siku ya tatu baada ya maziko akanipigia, anacheka.

"Dada, mmeninyamazia hivi, mnakula nini kitamu huko? Na kaka naye hashiki simu."

Ikabidi nimwambie.

Mjukuu alitafuta kosa hadi akaliona. Mtu kwenye daftari mtoto, la Wagonjwa, na kwenye daftari mzazi, la Watu, ni namba moja. Ukimfuta kwa mtoto, kompyuta inamfuta na kwa mzazi, isipokuwa umeiambia imbakize. Hakuiambia. Alilia, nikamwambia anyamaze, si yeye aliyezaliwa tumbo moja na marehemu.

Nilimweleza mdogo wangu yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, sawa. Mashine ilinifuta," akasema. "Na wewe?"

Ugonjwa wa figo umemrudia sasa, na nimeambiwa na watu wengine, si yeye.