Chupa ya Mafuta Dirishani

Nyanya yangu haamini habari za hali ya hewa. Anaamini chupa ya mafuta ya nazi iliyo kwenye dirisha la ukumbini kwetu, Kisauni. Mafuta yakiwa maji, ni joto. Yakiganda, ni baridi, na hapo ndipo anapofungua kabati lake la nguo na kutoa mkebe wa unga wa chokoleti anaouficha katikati ya leso. Chokoleti ya maziwa, tangawizi, iliki na mdalasini kwake ni dawa ya baridi. Ukiinywa wakati wa joto, anasema, utaota majipu mahali usipoweza kumwonyesha daktari.

Kwa hivyo chokoleti kwetu ina msimu, kama maembe: Julai, na Agosti ikipenda.

Mwaka huu mimi nikaitamani Machi, wakati hata paka wetu hulala chali sakafuni bila haya. Nilikuwa na mimba changa, siri yangu na ya mume wangu, maana kwetu mimba haitangazwi mapema. Watu wana macho. Samaki alininukia vibaya, wali ulininukia vibaya, na mume wangu pia, Mungu anisamehe. Nilichotaka ni chokoleti ya nyanya tu. Mume wangu alinunua unga wa dukani akanikorogea mwenyewe. Niliionja nikalia.

Basi nikaamua kubadilisha msimu. Nyanya alipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, niliitia chupa kwenye friza. Nilikusudia kuiacha kidogo, usingizi ukanipitia. Nilipozinduka mafuta yalikuwa jiwe, na chupa yenyewe imeota barafu. Niliipangusa, nikairudisha dirishani, nikavaa sweta la mume wangu na soksi zake, nikaketi kutetemeka.

Nyanya alikuwa tayari kwenye mswala, ameshaswali alasiri, yuko kwenye dua. Siku nyingine dua zake ni fupi. Siku hiyo aliwaombea wazima na waliotangulia, mtaa baada ya mtaa, na nadhani alifika mpaka Likoni. Mafuta yakaanza kuyeyuka pembeni. Nikayapuliza. Nikakumbuka kwamba pumzi yangu ina joto, nikaacha.

Hatimaye alikunja mswala, akaja dirishani. Aliitazama chupa. Akalitazama dimbwi la maji chini yake. Akanitazama mimi, jasho likinidondoka puani.

"Leo baridi, nyanya," nikasema.

"Naona," akasema, akaenda kutafuta funguo.

Alitwanga iliki na tangawizi, akachemsha maziwa, na nyumba nzima ikanukia Julai. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta na sweta lake, akafungua mdomo aulize. Nilimkata jicho akaufunga. Nyanya alimimina vikombe vitatu. Huwa anamalizia kwa kukwaruza kungumanga juu yake. Alikwaruza kwenye chake, akakwaruza kwenye cha mume wangu, kisha akaiweka kungumanga chini na kunisogezea changu hivyo hivyo, bila kukwaruza kitu. Niliona nimeonewa, na machozi yangu siku hizo yalikuwa karibu.

"Nyanya, changu umekisahau."

"Sikukisahau. Kungumanga haimfai mwenye mimba. Na ulivue hilo sweta, utampika mtoto."