Mashua Iliyokunywa Mvua

Mume wangu alileta mashua nyumbani kwetu Ruashi, pembeni mwa Lubumbashi, asubuhi moja ya kiangazi, ukungu wa vumbi ukiwa bado umelala juu ya mabati, nami nilidhani naota. Niliona kwanza pua yake ikiingia langoni, rangi nyeupe imebambuka, kisha tumbo, kisha miguu ya wanaume wa mtaa walioibeba kichwani. Nyuso zao hazikuonekana. Ungesema mashua imeota miguu na imejiendea yenyewe hadi kwangu. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikaacha mchi ndani ya kinu.

Mume wangu alikuwa seremala wa kampuni ya shaba. Kazini alitengeneza milango, madawati na, mtu akifa katika kambi ya wafanyakazi, jeneza lake. Mwana wa mtu wa reli yule, amezaliwa mjini na kukulia mjini, maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni. Lakini alikuwa na jambo lake tangu utotoni. Enzi za Wabelgiji, baada ya misa ya Jumapili, alikuwa akienda kusimama nje ya uzio wa ziwa dogo la mji, akiwatazama Wazungu wakipiga makasia, wake zao wamekaa na miavuli. Mtoto mweusi hakuvuka uzio ule. Miaka ikapita, Wazungu wakaondoka, na serikali ilipogawia wananchi mali za wageni, klabu yao ya mashua ikaangukia mikononi mwa bwana mmoja aliyeitaka kwa ajili ya baa. Mashua zikaachwa juani, mbao zikafunguka. Mume wangu alimtengenezea bwana yule meza za baa, na badala ya ujira akaomba mashua moja.

Aliniambia ni zawadi yangu, mimi binti wa ziwa. Mimi ni mtu wa Kilwa, si ile ya pwani bali ile ya kwenye ziwa Mweru, na kwake yeye mtu wa Kilwa na chombo cha majini ni kitu kimoja. Akasimama pale akingoja nifurahi. Nilimjibu kwamba kweli, kuku wamepata pa kutagia, nikarudia sombe yangu.

Sababu yenyewe sikumwambia. Nikiwa msichana mdogo, asubuhi moja nilisimama ufukweni nikaona mtumbwi wa baba unarudi. Ulikuja taratibu, umenyooka, upepo unausukuma, kama mtu anayeujua mlango wa kwao. Ndani hamkuwa na mtu. Wavu ulikuwemo, na kibuyu chake cha maji ya kunywa. Baba hakuonekana tena. Na kilichoniudhi kuliko yote, hasira ambayo hadi leo nakijua kiti chake moyoni, ni kwamba wajomba zangu waliuziba ufa wa mtumbwi ule wakarudi nao kuvua. Tukala samaki wake. Nikaona kwamba mtu akitengeneza chombo amekisamehe, na mimi sikuwa nimesamehe kitu. Nilipoolewa nikaja mjini, nilishukuru: hapa maji yanatoka bombani, na bomba halijammeza mtu. Mume wangu nilimwambia tu kwamba baba alifariki nikiwa mdogo. Hakuuliza zaidi.

Sasa mashua imelala chini ya mparachichi wangu, na yeye anasema ikishapona ataingia nayo ziwani mwenyewe. Kuogelea hajui. Basi hofu yangu ilikuwa hiyo moja, na miezi yote ile haikuniacha: kwamba siku moja nitasimama tena ukingoni nione chombo kinarudi kitupu.

Kila jioni king'ora cha kiwanda kikishalia, alirudi, akanawa, akakaa na mashua yake. Alikwangua rangi polepole. Chini ya nyeupe ilitoka kijani, chini ya kijani ilitoka nyeupe nyingine ya zamani zaidi, kisha mti wenyewe, wenye harufu tamu nisiyoijua. Majirani walikuja kutazama na kutania. Mmoja alimwuliza kama amesikia kwamba bahari itahamia Ruashi. Yeye alicheka nao, akaendelea.

Na mimi, jambo la ajabu, nilianza kulala ndani yake. Mchana akiwa kazini, upepo wa kiangazi ukileta vumbi jekundu la mgodi, mahali pekee pasipoingia vumbi palikuwa mle, chini kabisa kati ya mbao. Nilitandika kitenge nikajinyoosha na mtoto wa mwisho kifuani. Juu matawi yalikwenda na kurudi, na ukiyatazama kwa muda unaanza kuamini kwamba matawi yametulia, wewe ndiye unayekwenda. Nilikwenda mbali. Nilipita vijiji vya kwetu, nikaona moshi wa samaki wanaokaushwa, nikasikia mama ananiita nikateke maji. Nikizinduka, niko Ruashi, na redio ya jirani inaimba sifa za chama. Nilijionea aibu kwamba sijawahi kupata usingizi mzuri namna ile kitandani kwangu.

Kisha yakaja mambo ya misumari. Mashua zile za Wazungu zimeundwa kwa mbao zinazolaliana ukingo kwa ukingo, na zimeshikwa kwa misumari ya shaba. Mingi ilikuwa imekatika au imedondoka, ikaacha matundu yenye duara la kijani. Mume wangu alizunguka maduka yote ya mjini akitafuta misumari ya shaba, na wenye maduka walimtazama kama mtu anayeomba kununua mvua. Mji mzima unaishi kwa shaba, treni zinaondoka zimejaa shaba, na msumari mmoja wa shaba hakuna. Langoni pa kampuni walinzi walikagua hadi kibakuli cha chakula, na yeye si mtu wa kuchukua kisicho chake. Akarudi na misumari ya chuma.

Nilimwona anagonga wa kwanza. Nikapita na ndoo, nikarudi, nikapita tena. Kule Kilwa niliwahi kuona mashua za Wagiriki waliokuwa wakinunua samaki. Zilipigwa misumari ya chuma, na chuma kilikuwa kimeoza ndani ya mbao na kuila mbao yenyewe, pakabaki matundu unayoweza kupitisha kidole. Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu huyu alikuwa ataingia majini, ninyamaze nisinyamaze.

Niliingia ndani nikafungua sanduku langu. Chini ya vitenge kulikuwa na bangili za miguuni za bibi yangu, nkambo kama tunavyosema, waya mnene wa shaba nyekundu uliozungushwa mara nyingi. Wanawake wa kwetu walivaa hivyo zamani, na bibi alipotembea ulimsikia kabla hujamwona. Mama alinikabidhi siku ya harusi. Nilizileta nikaziweka juu ya ubao, karibu na nyundo yake.

"Kata," nilimwambia. "Ile chuma itaoza, na weye utazama mu maji."

Alizichukua akazipima mkononi. "Lakini hii njo ya nkambo yako."

"Nkambo alishamalizaka kutembea. Kata."

Akawasha mbabula, lile jiko la mkaa, akalainisha waya kwenye makaa, akaukata vipande vipande. Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja. Yeye alikaa ndani ya mashua, mimi nikachuchumaa nje. Msumari ulipita katikati, mimi nikaukandamiza kwa kichwa cha nyundo kubwa, yeye akaiponda ncha yake kwa ndani mpaka ukashika. Hatukuonana. Ubao ulikuwa kati yetu, na nilichojua juu yake ni mgongo wa nyundo uliotetemeka kwenye viganja vyangu, na sauti yake ikisema, bado, bado, sasa. Jua lilishuka, kuku wakapanda, watoto wakaanza kulalamika njaa, nasi tuko pale. Nilimpenda sana siku zile, na nilimkasirikia sana, yote kwa pamoja.

Nafasi kati ya mbao alizijaza mwenyewe kwa mastiki, ile inayoshika vioo vya madirisha, akaisindilia mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Alijisifu kwamba hata sindano haipiti. Nilimwambia mbao zile zina kiu ya miaka, zikipata maji zitavimba. Akasema mbao zake anazijua. Nilimkumbusha milango yake mwenyewe, ile anayoilaani kila masika ikigoma kufunguka. Lakini alikuwa amekwisha kusindilia.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, nzito, yenye harufu ile ya udongo ambayo watu wa Lubumbashi wanaingojea tangu Agosti. Mashua ilijaa. Baada ya siku chache mastiki ilianza kutoka yenyewe, vipande virefu vikijisukuma nje kama minyoo, na ubao mmoja ukainuka ukivutana na misumari ya bibi yangu. Misumari haikuachia. Mume wangu alishika kiuno, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. Akakwangua mastiki yote, akaweka pamba laini iliyopakwa mafuta, kidogo tu, ili mbao zipate nafasi ya kukaribiana zenyewe. Kisha tukaiacha inywe.

Siku zile nazikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia kioo chenye mvuke. Uani kwetu palikuwa na ziwa dogo lenye umbo la mashua. Maji yalishika mbingu yote, na matawi, na nyuso za watoto waliokuja kuinama. Parachichi lilidondoka ndani, mbingu ikavunjika, ikajikusanya tena. Chini, matone yalianguka, tto, tto, usiku na mchana, na kila asubuhi yalikuwa yamepungua. Jirani alikuja kuomba afulie humo. Nilimkatalia kwa ukali hata nikajishangaa. Asubuhi moja niliamka nikasikia kimya. Mashua imejaa hadi ukingoni, na udongo chini yake ni mkavu. Mume wangu alipitisha mkono wake kwenye tumbo la mashua, akasema imeshiba. Watoto wakashangilia. Mimi niligeuka nikaingia ndani.

Jumapili baada ya misa tuliisukuma juu ya mkokoteni, imefunikwa turubai, tukapita katikati ya mji, chini ya mijakaranda iliyomwaga maua yake ya mwisho. Watu walinyamaza tulipopita. Mzee mmoja akavua kofia, mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Walidhani tunamzika mtu. Mume wangu, fundi wa majeneza, alicheka chinichini njia nzima. Mimi sikucheka.

Ule uzio wa ziwa ulikuwa umelala chini sehemu nyingi, ungeweza kuupita popote. Yeye alikwenda hadi langoni, akapitia langoni. Tuliiteremsha mashua majini, ikakaa vizuri, akaingia. Akaketi kama mtu yeyote anayesafiri, uso mbele, kule anakokwenda. Kwetu Kilwa ningeketi hivyo hivyo nikishika kafi. Alipovuta makasia, mashua ikarudi kinyumenyume hadi ndani ya matete. Wanywaji wa baa walifurahi sana. Alijinasua akajaribu tena, matete yakampokea tena. Kisha niliona anatulia, anatafuta kitu kichwani. Amekumbuka: wale Wazungu wa utoto wake walikuwa wakitazama mahali wanapotoka. Akajigeuza.

Sasa mashua ilikwenda, lakini yeye haoni mbele. Alizunguka duara, akapinda shingo huku na huku, akagonga kisiki kilichojificha, mashua ikainama upande mmoja, nami nikafunga macho. Nilipofumbua, anarudi ukingoni anahema, jasho linamtiririka.

"Mama, miye sioni kwenye naenda," aliniambia. "Kuya ukae kwa nyuma, unionee njia."

Nilikuwa nimeapa kutoingia tena kwenye chombo chochote kilicho majini. Kilichoniingiza si ushujaa. Niliona tu kwamba siwezi tena kusimama ukingoni na kungoja. Nikamkabidhi binti yetu mkubwa wadogo zake, nikakunja kitenge, nikaingia.

Maji yalipita chini ya ubao mwembamba, niliyasikia kwenye nyayo. Vichwa vya misumari vilikuwa karibu na miguu yangu, vimepangana, vyekundu, bado vipya. Nilikaa nikimwelekea mume wangu, na yeye akinielekea mimi. Nikamwambia ku kushoto, akaenda kushoto. Nikamwambia ku kuume, akaenda kuume. Baa ikabaki mbali na kelele zake. Tulipofika katikati, nilimwambia, bila kujua kwamba nitasema.

"Baba yangu alikufiaka mu maji. Bwato yake ilirudiaka yenyewe, bila mutu."

Aliinua makasia. Matone yakaanguka kutoka kwenye ncha zake. Alinitazama, na mpiga makasia hana pengine pa kutazama. Nadhani alikuwa anarudi nyuma kuihesabu upya miezi yetu yote pale chini ya mparachichi, usingizi wangu, ukali wangu, bangili.

"Turudie?" aliniuliza.

Nilitazama mbele. Maji yalikuwa wazi hadi ng'ambo, hakuna kisiki, hakuna matete.

"Apana," nilimwambia. "Vuta. Minaona njia."

Akavuta. Tulizunguka ziwa lote, nami nilisema kushoto na kuume mpaka sauti ikaanza kukauka. Wakati wa kurudi niliwaona watoto wetu ukingoni. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na yule binti mkubwa alisimama, amejikinga jua kwa kiganja, akitazama mashua inayokuja taratibu, imenyooka. Nikainua mkono juu, nikaushikilia hivyo hadi tulipofika, ili aone kwamba ndani mna watu.