Nilizima taa ya snowmobile kwa adabu, nusura nimpoteze binti yangu

Wakuu, habari za saa hizi. Hii siongezi chumvi, maana ilivyo tu inanitia aibu ya kutosha.

Naishi Arlington, Texas, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mke wangu ni Mkongo, na kaka yake, shemeji yangu Baraka, yuko Sharpstown kule Houston. Desemba tukaungana familia zote mbili, tukaenda Colorado kuona theluji.

Binti yangu Neema, miaka 15, ndiye aliyeng'ang'ania tupande snowmobile usiku. "Dad, night ride, please!"

Snowmobile ni kama pikipiki isiyo na matairi, inateleza juu ya theluji. Guide wa kutuonyesha njia alitangulia, mimi nikafuata, nyuma yangu shemeji kampakia Neema.

Kabla ya kuondoka guide alituambia taa ya mbele haina swichi. Injini ikiwaka, nayo inawaka, na tusizime injini njiani. Nikaitikia "yes sir" huku nawaza baridi tu.

Baada ya kona moja nikaona shemeji kabaki nyuma. Nikasimama, nikageuza mashine niangalie wanakotokea.

Sasa wakuu, malezi yetu si mnayajua? Ukifika getini usiku unazima taa, usimmulike mlinzi usoni. Kumpiga mtu full, yaani taa kali usoni, ni dharau.

Mwanga wao ulipoanza kutokea, nikazima injini ili nisiwaumize macho.

Nikabaki katikati ya njia, giza tupu.

Shemeji aliniona nikiwa hatua chache mbele yake. Akakata kulia, mashine ikalala ubavu, Neema akarushwa kwenye theluji.

Nikamwita. Kimya. Nikaita tena, kimya. Mimi ambaye kanisani huwa nasinzia, nilisali kwa sauti huku nafukua kwa mikono.

Kikatokea kiatu, kisha helmet. Alikuwa mzima, theluji imejaa mdomoni. Nililia mbele ya watu, sifichi.

Shemeji akaja kuniuliza sababu, kwa Kiswahili chao cha Kongo ambako shemeji ni "bofrere": "Bofrere, ulizimisha taa juu ya nini?"

"Nilikuwa nawaheshimu."

Neema akanitazama. "Dad, we couldn't see you."

Hatukukuona. Hilo neno nimerudi nalo Texas. Mwaka juzi nilipoachishwa kazi niliwaficha nyumbani miezi miwili, kila asubuhi navaa uniform na kutoka, eti nisiwape presha. Mke wangu alipogundua, ile siri ilimuumiza kuliko kupotea kwa kazi yenyewe. Nilidhani nawapunguzia mzigo, kumbe nilikuwa nimesimama gizani kwenye njia yao.

Wiki iliyopita, usiku tukienda Houston kwa shemeji, tairi likapasuka highway. Nikaegesha pembeni, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kuzima taa.

Neema akaushika.

"Leave it on, Dad."

Nikaiacha inawaka.

Funzo langu ndilo hilo: wanaokupenda wanahitaji kukuona uliposimama, hata kama mwanga utawaumiza macho kidogo. Wewe mkuu, ni nani umemzimia taa ukidhani unamsitiri? Shusha hapa chini, nitasoma zote.