Kufuli la Majibu

Maabara ilikuwa Usagara, mjini Tanga, ghorofani, juu ya lililokuwa duka la vitambaa. Mwenye mali, ambaye sote tulimwita tajiri, alikulia kwenye kaunta ya duka lile, na babu yake kabla yake aliuza kanga pale pale. Biashara ya nje ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuteremshwa kwa marobota, vitambaa vikamdodea. Akauza alivyoweza kuuza, akafungua maabara ya kupima damu, na watu wakamcheka kwamba ameacha nguo sasa anataka damu zao. Mimi sikumcheka. Shirika la umma lililonifundisha kompyuta lilikuwa limebinafsishwa, maana yake tuliitwa ukumbini, tukapewa soda na hotuba, tukaambiwa kwaheri. Baba alishapitia hayo hayo kiwandani kwake, akawa anashinda nyumbani akirekebisha bawaba za milango isiyokuwa na kasoro. Tajiri ndiye aliyenipa kazi.

Programu ya pale iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java na vijana wa Dar es Salaam ambao walishatawanyika, kila mmoja na njia yake. Kazi yake ilikuwa kupokea jina la mtu, kuhifadhi jibu la damu yake, na kulificha mpaka mshauri alifungue mbele ya mwenyewe. Hiyo kazi ya kuficha vijana hawakuiandika. Walinunua kipande kilichoandikwa tayari na kampuni ya ng'ambo, wakakipachika ndani. Sisi wa kazi hii vipande vya namna hiyo tunaviita maktaba, ingawa hakuna kitabu hata kimoja. Maktaba ile ndiyo iliyouliza neno la siri, ndiyo iliyojua nani aone nini, na ndiyo iliyoyavuruga majibu yasisomeke kabla hayajahifadhiwa. Iliishi kwa leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Kampuni yake ikafa, au ikanunuliwa, sikupata kujua. Barua pepe zangu zilirudi kama zilivyokwenda. Leseni ilipokwisha, maktaba ikafanya ilichofundishwa kufanya. Ilifunga kila kitu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mshauri wetu, mama mmoja wa kutoka milimani, Mlutheri, muuguzi wa siku nyingi, akaja chumbani kwangu nyuma akaniambia hafunguliwi. Nikajaribu, nami sikufunguliwa. Ikabidi atoke kwenye benchi la wanaongoja awaambie warudi kesho.

Kwa mji mwingine labda lingekuwa jambo dogo. Kwetu, siku zile, mtu aliyepima damu akaambiwa njoo kesho alikuwa ameshaambiwa. Ndivyo watu walivyoamini, na hakuna mtaalamu aliyeweza kuwatoa hapo: mzima hupewa jibu lake akaenda zake, mgonjwa huambiwa arudi ili wapate muda wa kumtafutia maneno. Mshauri alipoeleza kwamba mashine ni mbovu, hakuna aliyemsadiki. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama imeharibika kwa wote au kwake tu. Mwanamume mmoja alishukuru kwa adabu, akashuka ngazi, akakaa kibarazani kwenye jua wakati kivuli kilikuwepo. Nilimwona dirishani adhuhuri, bado amekaa.

Na kwenye benchi lile alikuwepo mdogo wangu.

Alikuwa aolewe mwezi ule. Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule huko Mkwaja, kijana mpole, na sheikh wa msikiti wetu alikuwa ametangaza kwamba hatafungisha ndoa ya watu wasiopima. Mwalimu alishapima kwao, akaleta cheti chake. Kilibaki cha bibi harusi. Mdogo wangu alikuwa mshonaji, mwenye mdomo usiopumzika. Alikwenda kupima huku akifanya mzaha, kwamba ni heri kumchoma sindano leo kuliko kuja kumlipia sanda kesho. Mimi aliniita fundi redio. Kila nilipojaribu kumweleza kazi yangu, aliniuliza kama hiyo Java inashika taarabu.

Siku ile hakunitania. Aliingia chumbani kwangu akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Dada, ni wewe utakayeifungua?"

Nikamwambia ni mimi, hakuna mwingine.

"Basi utayaona majibu."

Nikamweleza kwamba naweza kuyaona nikitaka, lakini si kazi yangu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na Tanga joto lake mnalijua.

"Niapie hutasoma langu."

Nikaapa.

"Apa vizuri."

"Wallahi, mdogo wangu, sitasoma."

Akaitikia kwa kichwa, akatokea mlango wa nyuma ili asipite tena mbele ya watu wa benchi. Nilibaki nimeudhika. Mtu mzima, dada yako, unamwapisha kama mwizi. Udhia ule ulinisaidia kufanya kazi, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na hofu ambayo sikutaka kuitazama.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaniambia niling'oe dude lile, niache wazi, watu wanakonda kwa kungoja. Nikamwambia nikiacha wazi, wa mapokezi ataona, na wa mapokezi ni binamu wa nusu ya Ngamiani. Jibu la mtu litafika Chumbageni kabla mwenyewe hajamaliza ngazi. Akanung'unika kwamba zamani alimpimia mteja kitambaa mbele ya watu wote na hakuna aliyekufa. Kisha akajisikia alichosema, akanipa mpaka Jumamosi.

Mjomba wangu alikuwa mwashi. Aliwahi kupewa kazi ya kung'oa nondo za madirisha katika nyumba moja kuukuu ya Raskazone, na ukuta ukaja nazo. Kumbe waliojenga waliziingiza nondo kwenye matofali. Nilipoitoa maktaba ile yalinikuta ya mjomba. Niliiondoa, nikaiambia mashine ijenge programu upya, ikanirudishia makosa yaliyojaza kioo cha kompyuta, yakaendelea kujaza. Kila ukurasa ulikuwa unaitaja. Hata sehemu ya kuchapa risiti, ambayo haikuwa na siri yoyote, iliomba ruhusa kwayo kwanza. Nikapita ukurasa kwa ukurasa nikiitoa na kuweka mlinzi wangu mwenyewe, niliyemuunda kwa vifaa vya Java yenyewe ambavyo havina leseni wala bwana. Nikirekebisha hapa, panapasuka kule. Nililia kwa hasira, mbele ya mashine, na mshauri akaingia akanikuta, akatoka akaurudisha mlango.

Nje watu waliendelea kuja kila asubuhi na kuambiwa kesho. Wengine waliacha kuja. Hao ndio walionikosesha amani, kwa kuwa nilijua wameshajihukumu majumbani mwao. Mdogo wangu alikuja kila siku. Alikaa mwisho wa benchi na mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, akaambiwa kesho, akaondoka. Nyumbani mama alikuwa anahesabu masufuria ya kuazima, na yeye anashona gauni lake mwenyewe. Siku moja nikamkuta analifumua kiuno. Nikamuuliza kulikoni, akasema limembana. Halikuwa limembana. Alikuwa amepungua.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa majibu yaliyokwisha kufungwa. Yalifungwa kwa kufuli la maktaba ile, na kufuli lile hakuna mwingine aliyeweza kulifungua. Nikiitupa kabla ya kuyatoa, yamepotea milele. Damu zenyewe zilishamwagwa. Watu wangelazimika kupimwa upya, na nani kati yao angerudi kunyoosha mkono mara ya pili? Nilizunguka na jambo hilo mpaka likanikondesha mimi. Kisha nikafanya kitu cha kitoto kabisa: nikairudisha tarehe ya kompyuta nyuma, kabla ya Ramadhani. Maktaba ikaamka. Ilitazama kalenda, ikaridhika kwamba leseni yake ni hai, ikaniuliza neno la siri kwa heshima zote. Nilipaswa kufurahi, nami nikajisikia vibaya. Hicho ndicho tulichokuwa tumekikabidhi aibu za watu.

Ijumaa, ofisi ilipofungwa kwa swala, nilibaki na mshauri. Nikaiendesha kazi: kila jibu lifunguliwe kwa kufuli la zamani, lifungwe kwa jipya. Njia rahisi ya kuhakikisha kwamba yanatoka salama ilikuwa kuyaacha yapite kwenye kioo niyatazame. Yeyote angefanya hivyo. Mimi niliandika kiprogramu kingine cha kuyakagua gizani, kiniambie tu kama neno lililotoka ni neno linalojulikana au ni uchafu. Kilinipotezea saa nzima, na ile saa ilinipa furaha ambayo nilikuwa sijaipata wiki ile. Nilijiona mtu wa kuaminika. Jina la mdogo wangu lilipita ndani ya mashine, chini ya vidole vyangu, na sikulijua lilipopita.

Mwisho ilibidi jibu moja lifunguliwe kwa macho, kupitia ukurasa wa mshauri, tujue kwamba kesho utafanya kazi. Nikamwambia achague yeyote. Nikageuza kiti, nikautazama ukuta. Ulikuwa na kalenda ya duka la vitambaa ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Nilisikia vitufe vya mashine vikibonyezwa. Nikatega sikio nione kama pumzi yake itabadilika, na nikajilaumu kwa kutega.

"Inasoma," akasema.

Nikaing'oa maktaba. Nikaifuta kwenye mashine, nikairudisha tarehe mahali pake, na alasiri ilipoadhiniwa mitaani tayari tulikuwa tunafunga madirisha.

Jumamosi benchi lilijaa. Watu waliingia kwa mshauri mmoja mmoja na kutoka mmoja mmoja. Yule mwanamume wa kibarazani alitoka akicheka peke yake, akasahau kofia. Mimi nilikuwa chumbani nyuma, mlango nimeuacha wazi kidogo. Nilisikia jina la mdogo wangu likiitwa. Baada ya muda nikasikia viatu vyake vikipita ukumbini na kushuka ngazi, si haraka wala polepole. Hakuja kwangu. Tajiri alileta halua kwa wafanyakazi wote, akanisifu mbele yao, na nikaila.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alisema hataki kuolewa. Alisema Mkwaja kuna mbu. Mama alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona hacheki mwenziwe. Posa ikarudishwa, masufuria yakarudishwa, na baba akawa hatoki kwenda barazani kwa aibu. Mwalimu alikuja mwenyewe akakaa sebuleni muda mrefu. Aliletewa chai, haikunywewa.

Mama aliniita chumbani kwake. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye funguo," aliniambia. "Mwenzio ana nini?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli na hakuniamini. Shangazi alikuwa mlangoni, akasema mtoto huyu ana roho ya jiwe. Kukisia nilikisia, ningekosaje, lakini nilijikataza. Niliona kukisia nako ni namna ya kuchungulia, na mimi nilikuwa nimeapa.

Mdogo wangu akahamia Pangani kwa shangazi mwingine, akashona huko. Tulionana kwenye misiba na Idd. Kila tulipoonana alinitazama usoni, sana, kama anayetafuta kitu alichokidondosha, na mimi niliinamisha macho haraka. Nilidhani anapeleleza kama nilivunja kiapo. Nilitaka asione chochote usoni mwangu, na kwa kuwa sikuwa na uhakika na uso wangu, nikapunguza kwenda. Nilimtumia salamu. Nilimtumia vitambaa kwa watu wa basi. Niliamini kwamba kumwacha na siri yake ndiyo heshima kubwa niliyoweza kumpa, na niliifanya kwa bidii, mwaka baada ya mwaka.

Dawa zilipoanza kutolewa hospitalini, nilipata habari kwamba ni mgonjwa. Nikaenda. Nilimkuta uani kwenye mkeka anachagua mchele, mikono imebaki mifupa, lakini chererehani ilikuwa pembeni na nguo ya mtu ndani yake. Aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka: kwamba alikuwa nao tangu siku ile, kwamba sasa ameanza dawa, kwamba kwa mwezi huu anaweza kula. Aliwahi kumwambia nani? Hakuna, akasema. Mama alikufa hajui.

Nilikaa kwenye mkeka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimebeba jambo moja la kumpa, na nikaona hii ndiyo saa yake. Nikamweleza habari ya kiprogramu kilichokagua gizani, nikamweleza ukuta na kalenda. Nikamwambia, wallahi, mdogo wangu, kama ulikuwa na wasiwasi nami, utulie. Sikusoma.

Aliokota chuya moja, akaitupa nje ya mkeka. Akaokota nyingine.

"Najua hukusoma, dada," akasema. "Ungesoma, ungekuja."