Ukuta wa Chokaa Nilioupaka Saruji

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi mwashi, nimesimama Kivukoni mbele ya ukuta wenye umri mkubwa kuliko babu zangu, mwiko mkononi, najiona hakuna fundi kama mimi Dar es Salaam nzima. Kaa nikusimulie. Najua nyinyi vijana mna haraka, lakini haraka hata mimi nilikuwa nayo, na ndiyo iliyoniponza.

Wakati ule nilifanya kazi chini ya Fundi Kibwana, mzee wa hapa hapa Kariakoo, aliyejua kujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Alinichukua nikiwa sijui hata kushika pimamaji. Chokaa yake aliizima kwa maji, akailaza shimoni, akaifunika makuti na kuiacha miezi na miezi kabla ya kuigusa. Sisi vijana tulimcheka pembeni. Tulisema mzee anaatamia chokaa kama kuku, labda anangoja vifaranga.

Ukuta wenyewe ulikuwa sehemu ya boma lililojengwa zamani za Sultani, mji huu ulipokuwa minazi na nyumba chache tu. Ulitazama mlango wa bandari, upande ule ambao leo watu wanapanga foleni ya pantoni kwenda Kigamboni. Wajerumani walipokuja wakauongeza kimo na kutoboa matundu ya bunduki. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, meli za Waingereza zikaupiga mji kutoka baharini, na kombora moja likauchimba ukuta ule shimo la kutosha kukaa mtoto. Haya yote alinihadithia Fundi Kibwana tukiwa kwenye jukwaa la kazi, maana kitabuni sikuyaona. Baba yake alikuwa mmoja wa wapagazi wa vita ile, wale walioiachia Kariakoo jina lake. Vita ilipokwisha baba yake akajifunza uashi, na kazi yake ya kwanza ikawa kuliziba shimo lile kwa mawe na chokaa. Hakulilainisha. Aliliacha libonyee kidogo, mpita njia ajue kwamba hapa palipigwa.

Basi tukapewa kazi ya kuukarabati ukuta. Ofisi yenye dhamana ilikuwa imekwisha kumwalika mgeni rasmi wa kuufungua, na msimamizi wa kazi alikuwa kila asubuhi juu ya vichwa vyetu. "Fundi, huu ukuta utakauka lini?" Fundi Kibwana alimjibu jibu lile lile: "Ukiwa tayari, bwana. Chokaa haiamrishwi."

Zikiwa zimebaki siku nne, mzee akafiwa na dada yake Bagamoyo. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, nakuachia kazi. Endelea na chokaa ya shimoni, mkono mwembamba, tabaka juu ya tabaka. Usipomaliza, usimalize. Mgeni atauona hivyo hivyo." Nikamwambia, "Sawa, fundi. Pole sana, nenda salama." Akaondoka.

Hata jua halijapanda sawasawa msimamizi akanijia. Akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Dogo, mimi nakuona wewe ndiye fundi wa kesho. Mzee wako wakati wake umepita. Hebu nioneshe." Ah, mwanangu! Maneno kumi tu, kichwa kikanivimba. Nikaenda Mchafukoge kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkokoteni ukarudi na mifuko ya saruji. Kwa siku mbili nikaupiga ukuta lipu nene ya saruji, juu mpaka chini. Lile shimo la kombora nililijaza nikalisugua mpaka likalingana na ukuta wote. Kisha nikapaka chokaa nyembamba juu, rangi ifanane. Ukang'aa kweli. Watu wa soko la samaki walikuja kuutazama na kunipa hongera.

Nikueleze nilichokosea, maana mpaka leo mafundi wanakosea hivyo hivyo. Ukuta wa matumbawe ulio karibu na bahari unanyonya maji ya chumvi kutoka chini, kila siku. Chokaa huyaruhusu yatoke. Saruji huyafungia ndani, na chumvi inabaki humo inaitafuna chokaa ya zamani mpaka inakuwa unga. Nje unaona ukuta mzima, kumbe ndani umekwisha. Fundi Kibwana alinifundisha hivyo mara nyingi, nami niliitikia huku akili iko kwenye mpira.

Alirudi siku moja kabla ya sherehe. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia, "Marahaba." Akausogelea ukuta, akaugonga kwa kidole mara mbili tatu, akapapasa pale palipokuwa na kazi ya baba yake. Akaniuliza bila kugeuka, "Umepiga kwa chokaa ya shimoni?" Nikajibu, "Ndiyo, fundi." Akasema, "Haya." Akaenda kunawa mikono.

Mgeni rasmi akaja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Msimamizi akanipa mkono mbele ya watu.

Masika ya pili baada ya hapo ukuta ukaanguka. Mvua ilinyesha wiki nzima, na asubuhi moja upande wote wa matundu ya bunduki ukalala chini. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Tukaitwa ofisini, Fundi Kibwana na sisi tuliofanya kazi chini yake, mbele ya injinia na wakubwa wengine. Injinia aliokota bonge la saruji yangu kutoka kwenye kifusi, akaligonga juu ya meza, zima kabisa. Kisha akachukua chokaa ya zamani akaipukutisha kwa vidole, unga mtupu. Akasema, "Jioneeni wenyewe. Saruji nzima, chokaa imeoza. Hii saruji ndiyo iliyokuwa imeushikilia ukuta."

Mzee akasimama. "Sivyo, bwana mkubwa. Saruji ndiyo iliyouozesha. Ukuta huu umekaa na chokaa tangu Sultani, haujaanguka."

Injinia akamuuliza, "Na hiyo saruji aliipaka nani?"

Mwanangu, nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Mzee alinitazama, si kwa hasira, alinitazama tu, na nafasi aliyonipa ilikuwa ndefu. Nikainamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Akasema, "Kazi yote ni yangu. Mimi ndiye fundi."

Injinia akacheka. "Kama uliipaka wewe mwenyewe, mzee wangu, mbona leo unaikataa?"

Kila jibu lingenitaja mimi, kwa hiyo akakaa. Siku ile ile ikaamuliwa kwamba chokaa haifai, na kuta zote za boma zilizobaki zipigwe saruji. Zikapigwa kweli. Fundi Kibwana hakuitwa tena kwenye jengo lolote la zamani, na kuta zile nazo, moja baada ya nyingine, zikaenda njia ya ule wa kwanza. Leo pale wanaegesha magari. Ukimuuliza mtu, atakwambia hapakuwa na kitu.

Nilikaa na jambo lile miaka kumi na moja. Nilijenga maghorofa Kariakoo, nikaoa, nikawa fundi mkuu, na kila nikipita mtaa wa mzee nilizunguka nyuma. Nilimwonea haya. Mwisho roho ilinizidi nguvu nikaenda. Nilimkuta amekaa barazani, vidole vimekakamaa, hawezi hata kushika kikombe sawasawa. Nikapiga magoti nikamwambia yote.

Akasema, "Nilijua siku ile ile. Nilipougonga tu."

"Sasa kwa nini hukunisema, fundi?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Nilijiambia utakuja kesho. Kesho ikawa sherehe, ukuta ukawa wao, si wetu tena. Na mimi nina kosa langu, nilingoja mno. Nimekusamehe zamani. Lakini ungenijia wakati ule, tungeibandua saruji ile mimi na wewe. Nilikuwa na mikono bado."

Nililia kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu za kwanza. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Miezi miwili baadaye tukamzika.

Sasa nakwambia waziwazi, usije ukasema babu alizunguka maneno. Ukikabidhiwa kitu cha kale, kiwe ukuta au kazi au neno la watu, muulize anayekijua kabla hujakiwekea mkono wako. Anayekusifu akitaka umzunguke mwalimu wako, huyo mwogope. Na ukikosea, maana utakosea, kaseme siku ile ile, aibu ingali changa na kosa bado linabanduka. Usimwache mtu mwingine abebe jina la kosa lako, kwa sababu hatabeba yeye peke yake. Mimi nilidhani namwachia mzee mmoja lawama, kumbe niliunyima mji mzima kuta zake.

Nenda, mwanangu. Mungu aijalie mikono yako kazi ya kudumu, akuondolee woga wa kusema kweli, na siku utakayokuwa na la kuungama, akufikishe kwa unayemwendea angali na nguvu za kukusaidia. Mimi nilifika nimechelewa. Wewe nakuombea.