Taa Yangu Imesema Hapana

Hapana jamani, mchumba hajanikataa. Ni swichi yangu!

Mchumba wangu Skola anaona aibu kujibu mbele ya wazee. Basi nikamtengenezea taa ndogo ya betri: yeye anabonyeza swichi chumbani, taa inawaka kwa wazee sebuleni; ikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Leo mjomba wake katoka Laela, kamuuliza kama anakubali nimuoe.

Ikawaka mara mbili!

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Skola akapayuka chumbani: "Nimebonyeza mara moja!"

Nikasema, "Shikamoo mjomba, vyuma vya swichi vinarukaruka, mguso mmoja unahesabika miwili."

"Marahaba. Kelele za mwali hatuzihesabu. Tutauliza tena Jumapili."



Mwenye kapasita ndogo ya kutuliza swichi anipe, redio yake naitengeneza bure. Harusi ikifa, tunalia wote.